Jiko la kuni ndani ya gari-nyumba: kulifunga, kuliwasha na kulala ukaamka

Anayelala kwenye gari-nyumba Minnesota au Scotland mwezi wa Januari ametenganishwa na theluji kwa bati jembamba na inchi chache za sufi ya kuzuia baridi. Hita ndogo za gesi zisizo na bomba hupasha haraka, lakini kila kilo ya propeni inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Maji hayo hugeuka jasho kwenye vioo, yakalowesha godoro, na mwishowe yakaleta ukungu nyuma ya mbao. Jiko la kuni lenye bomba hufanya kinyume: huvuta hewa ya ndani, huitoa nje pamoja na unyevu wake, na gari hubaki kavu. Ndiyo sababu watu wanalipenda, ingawa lina vumbi, linakula nafasi na linataka kulishwa kama mtoto mchanga.

Wengi wanaoanza hutumia miezi kuchagua jiko na mchana mmoja tu kufunga bomba. Jiko ndilo jepesi la kazi hii. Usalama wako umo kwenye bomba, kwenye hewa inayoingia, na kwenye saa mbili za mwisho za moto, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Ukubwa wa jiko

Kilo moja ya kuni kavu ina takribani kilowati-saa 4 za joto. Jiko dogo zuri hukupa theluthi mbili za hizo, nyingine hupanda na moshi. Kwa hiyo ukichoma kilo moja kwa saa unapata kilowati 2.7 hivi, na hizo zinatosha gari la mizigo lenye paa la juu lililowekwa sufi vizuri, hata nje kukiwa chini ya sifuri. Tafuta jiko la kilowati 2 hadi 4.

Usidanganyike na hoja ya "kubwa litanipa akiba". Jiko kubwa ndani ya gari litakuchemsha, utalibana hewa lipoe, na moto uliobanwa hutoa moshi mzito unaoganda kwenye bomba. Moto mdogo unaowaka kwa nguvu ni salama kuliko moto mkubwa unaosinzia.

Kagua mlango kabla ya kununua, hasa jiko likiwa la mtumba. Funga kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, kamba ya kuzibia imekufa na lazima ibadilishwe. Rudia kwenye pande zote nne. Majiko ya kubuni yaliyochomelewa kutoka kwenye mtungi wa gesi au sanduku la risasi yaache kwa wanaopiga kambi nje.

Mahali pa kuliweka

Kanuni ya Marekani ya kukinga moto iitwayo NFPA 211, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo, inataka sentimita 91 kati ya jiko lisilo na cheti na kitu chochote kinachoweza kuungua. Gari lenye upana wa ndani wa mita 1.75 haliwezi kukupa nafasi hiyo. Kanuni hiyohiyo inakubali kushusha umbali hadi sentimita 30 ukiweka ngao ya bati mbele ya ukuta, mradi kuna nafasi ya milimita 25 nyuma yake ambamo hewa inapita. Ndani ya gari, basi, ngao ni sharti. Kama jiko lako lina kitabu cha mtengenezaji, vipimo vya kitabu ndivyo vinavyotawala.

Kinachofanya kazi kwenye ngao ni ile hewa. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye plaiwudi halikingi kitu, linapitisha joto kama sufuria. Likate bati, liinue kwa vipande vya bomba la chuma vya milimita 25 kwenye kila skrubu, uache wazi chini na juu ili hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Skrubu zikae kwenye kingo za ngao, mbali na mgongo wa jiko, maana kila skrubu ni njia ya joto kufika kwenye ubao.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu mbao. Ubao unaopashwa moto kila usiku kwa miezi hukauka na kubadilika polepole, na joto linalotosha kuuwasha hushuka. Ukuta uliovumilia msimu wa kwanza unaweza kushika moto msimu wa tatu bila wewe kubadilisha chochote. Kipimo cha mkono ni hiki: baada ya saa nzima ya moto mkali, weka kiganja kwenye ukuta nyuma ya ngao. Usipoweza kukiacha hapo ukahesabu hadi kumi, ongeza nafasi au ngao ya pili.

Sakafuni jenga jukwaa lenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, ulifunike kwa ubao wa saruji wa milimita 12 na juu yake vigae au bati. Jukwaa litokeze mbele ya mlango wa jiko kadiri nafasi inavyoruhusu, maana kaa linapodondoka hudondoka hapo. Jiko lifungwe kwa bolti za milimita 8 zinazopenya sakafu nzima, na chini ya gari uweke kipande cha chuma kinene badala ya washa ndogo ya bolti. Jiko la kilo 15 lililoshikwa na skrubu za mbao litang'oka siku utakayofunga breki ghafla. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari na tochi uone tangi la mafuta, mirija ya breki na nyaya ziko wapi. Pima mara tatu.

Usiliweke jiko kati ya kitanda na mlango pekee wa kutokea.

Bomba

Kipenyo cha bomba kinafuata shingo ya jiko, kwa kawaida inchi 3 au 4. Usikipunguze popote njiani. Tumia chuma kisichoshika kutu, au bomba jeusi la jiko kwa sehemu ya ndani. Bomba la mabati ya zinki haliruhusiwi, kwa sababu zinki ikipata moto hutoa mvuke wa sumu. Mirija ya alumini ya kukunja, ile ya mashine za kukaushia nguo, hata usiifikirie.

Bomba la ukuta mmoja linataka sentimita 46 kutoka kwenye kitu kinachoungua, la kuta mbili linalotumika chumbani linataka 15, na la dohani lenye sufi ndani linataka 5. Mpango unaofaa kwa gari ni huu: ukuta mmoja karibu na jiko, pale bomba linapokusaidia kupasha chumba, kisha dohani yenye sufi kuanzia kabla ya dari hadi juu ya paa. Sehemu inayopita kwenye paa isiwe ya ukuta mmoja hata kwa inchi moja.

Urefu ndio unaovuta moshi. Moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, na kadiri nguzo yake inavyokuwa ndefu ndivyo mvuto unavyoongezeka. Chukua gari ambamo dari iko sentimita 185 kutoka sakafuni. Jukwaa ni 30, jiko ni 30, kwa hiyo ndani unabaki na bomba la sentimita 125. Hapo mvuto ni dhaifu na moshi utakurudia kila ukifungua mlango. Ongeza kipande cha nje cha sentimita 60 hadi 90 kinachochomekwa ukiegesha na kutolewa ukiondoka, ili urefu wote upite mita 1.8. Kona ziepuke. Kila kona inakula mvuto, na inakusanya masizi.

Kutoboa paa kunatisha, lakini kuna mpangilio wake:

1. Ning'iniza timazi kutoka darini hadi ncha yake iguse katikati ya shingo ya jiko. Weka alama darini. Kama alama imeangukia kwenye ubavu wa paa, yaani upau wa chuma unaolishika, sogeza jiko. Ubavu usikatwe.
2. Toboa tundu dogo kutoka ndani, kisha panda juu uone limetokea wapi.
3. Dohani ya inchi 4 yenye sufi ya milimita 25 ina kipenyo cha nje cha milimita 150. Kata bati la paa kwa milimita 160. Plaiwudi ya dari na sufi ya kawaida zikatwe hadi milimita 250, ili zibaki sentimita 5 kila upande.
4. Ziba nafasi hiyo kwa vifuniko vya bati juu na chini. Ukitaka kujaza kitu, kiwe sufi ya mawe au blanketi la kauri, na uvae barakoa unapolikata. Povu la kunyunyiza na stairofomu huungua, na moshi wake ni sumu.
5. Safisha chembe zote za chuma juu ya paa, maana zikikaa usiku mmoja na unyevu zinaanza kutu. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo uliokatwa.
6. Funga kola ya silikoni ya kuzuia maji kuzunguka bomba, ile nyekundu inayovumilia nyuzi 200 za Selsiasi. Nyeusi za mpira wa kawaida zimetengenezwa kwa joto dogo zaidi. Silikoni chini ya ukingo, skrubu kila sentimita 4 hivi.

Kwenye viungo, ncha nyembamba ya kila kipande ielekee chini, iingie ndani ya kile kilicho chini yake. Fundi asiyezoea hufanya kinyume, akiona moshi unapanda. Lakini kinachoshuka ndicho cha kufikiria: utomvu wa moshi na maji ya mvua vikiteremka vinapaswa kubaki ndani ya bomba hadi vifike motoni. Ukigeuza, vitatiririka nje ya bomba, vyeusi na vyenye harufu isiyotoka kwenye mapazia. Kila kiungo kipate skrubu tatu. Saruji ya kuzibia inayostahimili moto peke yake haitoshi, barabara mbovu huipasua ndani ya wiki.

Juu kabisa weka kofia yenye wavu wa cheche wenye matundu ya milimita 10 hivi. Wavu huo huziba kwa masizi kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo mvuto ukipungua ghafla, anza kuangalia huko.

Hewa

Kilo moja ya kuni inahitaji mita za ujazo 8 hadi 10 za hewa kuungua ndani ya jiko la kawaida. Ujazo wa gari lenyewe haupishani sana na huo. Maana yake, kila kilo unayochoma inatoa nje hewa yote uliyomo na kudai nyingine. Isipopata pa kuingilia kwa hiari, itaingilia kwenye bomba, ikiteremka na moshi.

Toboa tundu la milimita 100 sakafuni karibu na jiko, liwe na wavu wa kuzuia panya, mbali na ekzosi ya injini. Tundu hili lisiwe na kifuniko unachoweza kukifunga kwa sababu miguu inapata baridi. Acha pia upenyo mdogo juu, dirishani au kwenye tundu la paa. Feni ya paa inayotoa hewa nje ni adui wa jiko: ina nguvu kuliko mvuto wa bomba fupi na itauvuta moshi chumbani. Jiko likiwaka, feni izimwe.

Mtungi wa gesi ya kupikia ukae kwenye kabati lake lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la kutokea chini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni hadi penye moto.

Moto unaokufa

Aliyekulia na jiko la mkaa anajua desturi ya kuliacha nje mpaka makaa yashike na moshi uishe. Desturi hiyo inaondoa moshi tu. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na watu wa nyanda za baridi, kuanzia Makete hadi Limuru, wanazijua habari za waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Jiko lenye bomba lina saa yake ya hatari, nayo ni ileile ya makaa. Miali imeisha, bomba limepoa, mvuto umelegea, na wewe umesinzia. Hapo upepo mdogo juu ya paa unaweza kugeuza mkondo mzima. Watu huongeza hatari kwa kubana tundu la hewa ili makaa "yakeshe". Jiko la ukubwa huu halikeshi. Linashika kuni za dakika 40 hadi 60 tu, na kulilazimisha usiku kucha ndiko kunakoleta masizi na sumu kwa pamoja.

Kwa hiyo weka kuni za mwisho saa mbili kabla ya kulala na uache hewa wazi mpaka makaa yaishe. Usiku tegemea blanketi nzito, chupa ya maji ya moto, au hita ya dizeli yenye chemba iliyozibwa na ekzosi inayotoka nje.

Kengele za kaboni monoksaidi ziwe mbili. Ulaya tafuta alama ya EN 50291-2, hiyo 2 ya mwishoni ndiyo ya magari na boti. Marekani tafuta UL 2034, na iandikwe kuwa inafaa magari-nyumba. Moja ikae usawa wa kichwa kitandani, nyingine mita moja hadi tatu kutoka kwenye jiko. Uzito wa gesi hii unakaribia ule wa hewa, kwa hiyo usiibandike kengele chini kama ile ya gesi ya kupikia. Kibonyeze kitufe kila mwezi, na uandike kwa kalamu ya wino mzito mwaka kitambuzi kinapokwisha muda.

Ikilia, fungua mlango, toka na wote waliomo, kisha piga simu ya dharura. Usirudi kuzima jiko. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu bila homa, hasa vikiwapata watu wawili kwa pamoja, ni dalili hata kama kengele imenyamaza.

Kuni

Zikatwe sentimita 13 hadi 18, zipasuliwe unene wa kifundo cha mkono, na unyevu wake uwe chini ya asilimia 20. Kipima unyevu ni cha bei nafuu. Pasua ukuni na uchome sindano zake kwenye uso mpya wa ndani, maana nje hukauka kwanza na hudanganya. Mwaloni, mbichi au mkavu nusu, utakuletea taabu. Unahitaji miaka miwili baada ya kupasuliwa. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisiingie kabisa.

Kuwasha

Mara tatu za kwanza liwashe jiko nje, juu ya matofali, moto mdogo kisha mkubwa kidogo. Rangi mpya hutoa moshi mkali inapokauka, na moshi huo hutaki ukae kwenye godoro lako.

Ndani ya gari, anza na gazeti moja lililokunjwa, uliwashe karibu na mdomo wa bomba huku hewa ikiwa wazi. Moshi ukipanda, bomba limefunguka. Ukirudi, kuna hewa baridi iliyokaa bombani kama kizibo. Rudia gazeti la pili. Kisha panga kuni mbili chini, vibanzi juu yake, na uwashe kutoka juu. Moto unaoshuka hupasha bomba mapema na hauna moshi mwingi. Kila unapoongeza ukuni, fungua mlango kidogo, subiri sekunde tano, ndipo ufungue wote.

Bandika kipimajoto cha sumaku kwenye bomba la ukuta mmoja, sentimita 30 hadi 45 juu ya jiko. Kikae kati ya nyuzi 120 na 240. Chini ya hapo utomvu unaganda, juu ya hapo unachezea moto wa bomba. Moto wa bomba unaujua kwa sauti: mngurumo kama lori linalopanda mlima, na bomba linaanza kuwa jekundu. Funga mlango na hewa yote, toka nje, ita zimamoto. Maji kwenye bomba la moto hulipasua.

Mtungi wa unga wa kuzimia moto, kilo 1 au 2, na blanketi la moto vikae mlangoni, pale unapovifikia ukiwa tayari unatoka. Kamba ya kuanikia juu ya jiko usiifunge. Kanga ikikauka huwa nyepesi, na upepo wa jiko lenyewe unatosha kuiangusha.

Kusafisha na kuondoka

Ukilitumia kila siku, pitisha brashi bombani kila wiki mbili au tatu. Masizi yakifika unene wa milimita 3, usiwashe tena kabla hujasafisha. Yakiwa makavu kama unga, unachoma vizuri. Yakiwa yanang'aa kama lami, kuni zako ni mbichi au unabana hewa mno. Kaza skrubu za viungo na ukague kola ya paa siku hiyohiyo.

Kwa upande wa bima, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kutoboa paa. Baadhi hukataa, na ni heri ujue kabla.

Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje, juu ya udongo. Kaa lililofukiwa majivuni linaweza kuwa hai siku nne. Moto usiwake gari likitembea, hata ule mdogo wa kumalizia. Ukitaka kuondoka asubuhi, gusa jiko kwa mkono: likiwa baridi, panda, chomoa kipande cha nje, funika tundu kwa kofia yake, na ukifunge kipande hicho ndani kwa mkanda. Bomba likisahaulika juu, daraja la kwanza litalichukua pamoja na kola.